Kamera Haimwoni Mtoto Ambaye Hakumeza

Kuna picha ambayo filamu za makala kuhusu watoto na dawa za magonjwa ya akili hazichoki kuirudia: mkono wa mzazi, kidonge, glasi ya maji, kisha uso wa mtoto umevutwa karibu hadi ujaze kioo. Muziki unashuka. Mtazamaji ameshatoa hukumu kabla hajaambiwa mtoto anaumwa nini.

Ningependa kuzibeza filamu hizi moja kwa moja, lakini historia ingenisuta. Oktoba 2002, Panorama, kipindi cha uchunguzi cha BBC, kilirusha makala kuhusu paroxetine, dawa ya sonona iliyojulikana Uingereza kwa jina la Seroxat. Simu zilimiminika. Barua pepe 1,374 zilizotumwa na watazamaji zilichambuliwa baadaye na watafiti, na ndani yake watu walieleza kwa maneno yao wenyewe mambo kama mishtuko ya mfano wa umeme kichwani wanapojaribu kuacha dawa. Juni 2003 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikatangaza kwamba paroxetine isitumike kutibu sonona kwa walio chini ya miaka 18.

Kipindi hakikufanya kazi hiyo peke yake. Kilichoamua ni takwimu za majaribio ya kampuni yenyewe iliyotengeneza dawa hiyo. Ila takwimu hizo zina kisa chake. Waraka wa ndani wa mwaka 1998, uliovuja baadaye, ulionyesha kwamba kampuni ilijua majaribio hayakuthibitisha kuwa dawa inawasaidia vijana, na iliona kulisema hilo hadharani kungeiumiza biashara. Mwaka 2001 mojawapo ya majaribio hayo, namba 329, likachapishwa katika jarida la kitaalamu likiisifu dawa hiyo hiyo. Takwimu zake zilipochambuliwa upya mwaka 2015, dawa ilionekana haina nafuu ya maana kwa vijana na ina madhara. Kwa hiyo anayesema "mambo haya waachieni madaktari" akumbuke kwamba madaktari nao walikuwa wakisoma makala iliyopakwa rangi.

Huo ndio upande wa filamu, na una uzito.

Sasa tazama kipindi hicho hicho miaka mitano baadaye. Novemba 2007 Panorama iligeukia dawa za ADHD, yaani tatizo la mtoto kushindwa kutulia na kumakinika. Ilitegemea utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watoto 579. Baada ya miezi 14, waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya waliopewa tiba ya tabia peke yake. Ilipofika miaka mitatu, tofauti hiyo ilikuwa imeyeyuka. Malalamiko yakapelekwa, na mwaka 2010 BBC Trust, chombo kilichosimamia shirika hilo wakati ule, kikakubali kwamba kipindi hakikuwasilisha matokeo ya utafiti kwa usahihi. Masahihisho yakalazimika kwenda hewani.

Ugumu wa utafiti ule ni kwamba baada ya ile miezi 14 hakuna aliyepangiwa tiba tena. Kila familia ilifuata njia yake: wengine waliacha vidonge, wengine ambao hawakuwa navyo wakaanza. Kusema "baada ya miaka mitatu dawa haina kazi" ni kuruka hatua hiyo. Lakini hebu jaribu kuipiga picha hatua hiyo. Hakuna uso, hakuna machozi, hakuna mlango unaobamizwa.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kazi hii, na hautokani na nia mbaya ya mwongozaji. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa vijana 439 wenye sonona. Baada ya wiki 12, kati ya kila 100 waliopewa fluoxetine, dawa nyingine ya sonona, pekee, 61 walipata nafuu nzuri. Kati ya kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani, walipata nafuu 35. Chukua mmoja wa hao 35, mfuate na kamera kwa miezi mitatu: utapata filamu nzuri sana ya kijana aliyeokolewa na kidonge cha unga mtupu. Mfuate mmoja wa wale 39 ambao fluoxetine haikuwafaa, utapata filamu nzuri vilevile ya dawa isiyo na maana. Zote mbili zitakuwa za kweli, fremu kwa fremu.

Hata saa ya kupiga picha inaweza kudanganya. Methylphenidate ya kawaida, dawa ya ADHD, hufanya kazi kwa saa chache tu. Mpiga picha akiingia darasani asubuhi ataona mtoto ametulia na daftari lake. Akija alasiri, dawa imekwisha mwilini, ataona vurugu. Mhariri ndiye atakayechagua ipi itangulie.

Je, hofu ina gharama? Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kwenye dawa za sonona, baada ya majaribio 24 kuonyesha mawazo au vitendo vya kutaka kujiua kwa takriban vijana 4 kati ya 100 waliotumia dawa, dhidi ya 2 kati ya 100 wasioitumia. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Vyombo vya habari vililibeba onyo hilo kwa sauti kubwa, na matumizi ya dawa kwa vijana yakashuka. Utafiti mmoja wa 2014 ulidai kwamba wakati huo huo matukio ya vijana kudhurika kwa sumu ya dawa za akili, yaliyochukuliwa kama kipimo cha kujaribu kujiua, yaliongezeka. Watafiti wengine wakapinga, wakisema kipimo hicho hakiwakilishi vizuri idadi ya wanaojaribu kujiua. Mimi naona ubishi huo haujaisha, na kumtupia mtengeneza filamu vifo ni kumwonea.

Deni lake halisi liko kwa mtoto aliye mbele ya lenzi. Ridhaa ilisainiwa na mzazi, mara nyingi mzazi aliyechoka na anayetafuta msaada popote. Marekani, kati ya 1994 na 2003, watoto na vijana walioonwa na madaktari kwa utambuzi wa bipola, ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, waliongezeka takriban mara 40. Mwaka 2013 mwongozo wa nchi hiyo wa kuainisha magonjwa ya akili ukaingiza jina jingine kwa watoto wenye hasira kali za kudumu, ili lile la bipola lisibandikwe ovyo. Faili la hospitali linaweza kurekebishwa. Kwenye filamu iliyopigwa kabla ya hapo, mtoto bado ana miaka tisa, bado anarusha kiti, na sauti ya msimulizi bado inamwita jina la ugonjwa ambalo huenda daktari wake ameshalifuta.