Eti Ingegonga!

Ligi ya kriketi ya India ikianza, sisi wauza vitambaa tumekwisha. Mechi ya usiku kule kwao, huku Dar inaanza saa kumi na moja jioni, saa ileile ninayotaka kufunga duka nikawahi daladala. Bosi hafungi. Anawasha televisheni juu ya majora ya satini, anavuta kiti: "Kaa mwanangu, ujifunze mchezo wa watu wenye akili." Mimi mtu wa Yanga. Akili zangu zinaishia dakika ya 90 na zile za nyongeza.

Juzi akaona maneno hayatoshi. Akasimamisha mabomba matatu ya karatasi ngumu, yale yanayobaki jora likiisha, juu yake akalaza vipande viwili vya chaki ya mafundi. Hiyo ndiyo wiketi. Nikapewa mita ya mbao niilinde isigongwe. Bosi akarudi mpaka mlangoni (uwanjani ni yadi 22, ila duka letu linakoma kabla ya hapo) akarusha ndimu. Ikadunda sakafuni, ikanitandika ugokoni.

"Aut!" Yaani nimetolewa.

Nikageuka. Mabomba yamesimama, chaki hazijatikisika. "Bosi, mbona haijagusa kitu!"

"Mguu wako usingekuwepo, ingegonga."

Eti ingegonga! Yaani nahukumiwa kwa jambo ambalo halijatokea. Hebu refa athubutu pale kwa Mkapa, aweke mpira kati kwa sababu shuti la Simba lingeingia, tuone kama atatoka na filimbi yake. Hata mama mmoja aliyekuja kutafuta vitenge alishindwa kunyamaza: "Kwa hiyo aliyeumizwa ni yeye, na anayetolewa ni yeye?" Ndiyo, mama. Ndiyo akili yenyewe hiyo.

Na haiishi hapo. Ndimu ikidunda nje ya vijiti (ndiyo yale mabomba yetu) upande wa miguuni, hutoki, hata kama ingevifagia vyote. Ikikugonga nje ya mstari wa vijiti upande wa pili, unapona, mradi ulijaribu kuipiga. Ukisimama tu kama sanamu, huponi. Ikigusa gongo (ile mita yangu) kwanza, unapona. Mwamuzi ayapime yote hayo kwa kupepesa jicho, na amevaa kofia.

Halafu mwamuzi mwenyewe hainui kidole mpaka aombwe. Wasipomlilia, hata uwe umekwisha vipi, yeye kimya. Ndiyo maana kumi na moja wale wanamgeukia kwa mayowe. Kwetu mchezaji akimpigia refa kelele hizo anaoneshwa kadi. Kule kutopiga kelele ndiyo hasara.

Ova ni mipira sita, kila timu ova 20. Nikapiga hesabu nikaona si mbaya. Kumbe mpira ukirushwa mbali mno na mpigaji hauhesabiwi, unarudiwa, na wapigaji wanapewa mkimbio, yaani pointi, wa bure. Mrushaji akosee yeye, wa kuchelewa niwe mimi. Mke wangu haniamini kabisa. Anasema hakuna mchezo wa saa tatu na ushei, labda wa karata.

Nikinuna, bosi ananiletea historia. Kenya ilivyoitandika West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, kule Pune, India, Februari 29, 1996: Kenya mikimbio 166, wale wakubwa wakafia 93. Tarehe hiyo anaitaja kwa heshima kuliko ya harusi yake, na kwa bahati yangu inakuja kila miaka minne. Kombe la Dunia la 1975, lililokuwa na timu ya pamoja ya Afrika Mashariki, analipita haraka. Tulicheza tatu, tukafungwa tatu.

"Na hii ni fupi," ananiambia. "Ile yenyewe ni siku tano, wanakula mchana, wanakunywa chai." Na ikiisha siku ya tano bila mshindi? Sare. Watu wanapeana mikono, wanakwenda zao! Zamani ilikuwa balaa zaidi: Durban, mwaka 1939, Uingereza na Afrika Kusini walianza Machi 3, mechi haina kikomo. Machi 14 Waingereza wamebakiza mikimbio 42 washinde, wakaacha vilevile kwa sababu meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inaondoka Cape Town.

Nikamwambia bosi hao Waingereza nimewaelewa, maana hata gari za Mbagala hazingoji mtu. Akasema kaa, bado ova nne.