Fundi asiyeumwa kichwa

Kamukunji, Nairobi, pale mafundi wa jua kali wanapofua mabati yakawa masanduku na karai, nyundo huanza asubuhi zikakoma giza likiingia. Mimi nikikaa nusu saa tu natafuta Panadol. Fundi anayenitengenezea majiko anaapa kichwa hakijamuuma tangu azaliwe. Wenzake wanasema ana mwili wa chuma, hasikii maumivu kirahisi.

Wana hoja. Uti wa mgongo na ubongo vinaweza kuyakuza maumivu au kuyafifisha kabla hujayahisi. Mwenye kipandauso analijua hili: kikimshika, hata kuchana nywele kunaweza kumuuma. Na wanaosumbuliwa na kichwa mara kwa mara, wakibonyezwa misuli kwa kipimo, mara nyingi huumia mapema kuliko wengine. Basi asiyeumwa kabisa si atakuwa ndiye mgumu kuliko wote?

Hapo nasita. Huenda ni kichwa chenyewe, kwa miaka ya kuwagonga, kilichowafanya hao wawe wepesi wa kuumia. Kama ni hivyo, fundi wangu ana hisia za kawaida tu, ambazo hazijachokozwa. Halafu kichwa kina njia zake. Ubongo hauhisi maumivu; kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyopo hapo, na habari hupelekwa zaidi na neva ya trijemia, ile ile ya uso na meno. Njia hiyo yaweza kutulia, na mkono ukauma kama wa mtu yeyote. Wiki jana alijigonga kidole gumba mbele yangu. Aliruka kwa mguu mmoja, akakifyonza, akalitukana bati.

Kupima nako kuna mtego. Ukitia mkono kwenye maji ya barafu, pale unapoanza kuumia ni jambo moja, pale unapoutoa ni jingine. Hilo la pili lina ukaidi ndani yake, hasa watu wakikutazama.

Na swali lenyewe, kama kichwa kimewahi kukuuma, linateleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria matatizo ya kuumwa kichwa huwapata takriban asilimia 40 ya watu duniani, na aina iliyo ya kawaida kuliko zote haigongi: hubana, kama kofia ndogo. Nikamuuliza fundi kwa maneno mengine: hakuna siku kichwa kinakuwa kizito?

"Kizito ni kila jioni," akasema. "Lakini hakiumi."