Nafasi Aliyoachiwa Mpigaji

Wapenzi wengi wa muziki wa klasiki wamezoea mgawanyo mmoja bila kuuhoji: jazi ni ya wanaobuni papo kwa papo, klasiki ni ya wanaosoma noti. Mimi siukubali. Katika muziki wa klasiki wa miaka sitini hivi iliyopita, kazi zilizonikaa moyoni ni zile ambazo mtunzi wake alijua barabara nini akiandike mwenyewe na nini amwachie mpigaji.

Nianze na In C ya mtunzi wa Marekani Terry Riley, ya mwaka 1964. Noti zake zote zinaenea kwenye ukurasa mmoja: vipande vifupi 53. Wapigaji wote, wawe kumi au hamsini, wa ala yoyote ile, wanasoma ukurasa huo huo. Kila mmoja anarudia kipande mara anazotaka, kisha anasogea kwenye kinachofuata anapoona wakati umefika. Juu yao wote kuna mapigo ya noti ya C yasiyokatika. Steve Reich, aliyekuwa miongoni mwa wapigaji wa onyesho la kwanza kule San Francisco, ndiye aliyependekeza mapigo hayo ili watu wasipotezane. Riley anawaomba pia wasiachane kwa zaidi ya vipande viwili vitatu. Basi.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani ni muziki wa kila mtu na lake. Lakini hakuna anayebuni noti hata moja. Kinachobuniwa ni uamuzi: niingie sasa au ningoje, niongeze sauti au ninyamaze niwasikie wenzangu. Kwenye kipande cha 14, F iliyopandishwa nusu hatua inatokea kwa mara ya kwanza, na yule wa kwanza kuifikia hubadilisha rangi ya muziki mzima akiwa peke yake, wengine wakiwa bado nyuma. Awe nani, na iwe lini, karatasi haisemi. Ndiyo maana kundi la mafundi wasiosikilizana huifanya kazi hii ichoshe, na kundi la watu wa uwezo wa kawaida wenye masikio mazuri huifanya ing'are. Sijui kazi nyingine iliyoandikwa kwa uchache namna hii na bado ikawa na sura isiyoweza kukosewa. Ukisikia dakika mbili tu za katikati, utaitambua.

Mtunzi wa Poland Witold Lutosławski alishika njia nyingine. Mwaka 1960 alisikia redioni sehemu ya kazi ya John Cage ya piano na okestra, na mwaka uliofuata akatoa Jeux vénitiens, ambamo kuna sehemu ambazo kila mpigaji anakwenda kwa mwendo wake huku mwongozaji akitoa ishara ya kuanza na kukoma tu. Noti zote kaandika Lutosławski. Alichokiachia ni muda. Naipenda zaidi kwarteti yake ya nyuzi, yaani kazi ya wapigaji wanne, ya 1964. Kundi la LaSalle, lililoipiga kwa mara ya kwanza, lilimwomba karatasi yenye sehemu zote nne pamoja, naye akasita: aliona kwamba noti zikipangwa moja chini ya nyingine, wapigaji wataamini ni lazima zilie kwa pamoja. Mkewe Danuta ndiye aliyepata suluhisho, kila sehemu ikawekwa ndani ya kisanduku chake kwenye karatasi. Kwangu kisa hicho kina uzito kuliko vitabu vingi vya nadharia, maana kinaonyesha jinsi karatasi yenyewe inavyoweza kumfunga mtu ambaye mtunzi amemfungua.

Upo pia uhuru usionishawishi. Mei 1968 Karlheinz Stockhausen aliandika Aus den sieben Tagen, ambayo haina noti kabisa, ni maneno tu ya kumwelekeza mpigaji. Namheshimu sana Stockhausen, na Klavierstück XI yake ya 1956, yenye vipande 19 ambavyo mpiga piano anavirukia kadiri jicho lake linavyoangukia, naisikiliza kwa raha. Lakini kwenye ile ya 1968 nasikia zaidi tabia ya kundi linalopiga kuliko kazi yenyewe. Mtunzi akiacha kila kitu, hajaacha nafasi, ameondoka. Wako watakaonipinga hapa, na najua wana hoja.

Haya yote yanaitwa majaribio ya kisasa, jina linalonishangaza kidogo. Mwaka 1747 Johann Sebastian Bach alifika Potsdam, mfalme Frederick wa Prussia akampa wazo la muziki, naye akabuni pale pale fuga ya sauti tatu, muziki ambamo sauti zinaingia moja baada ya nyingine kwa wazo lile lile. Beethoven alisifika Vienna kwa kubuni kwenye piano kabla hata kazi zake hazijasambaa. Kisha ni yeye huyo huyo, katika tamasha lake la tano la piano (kazi ya piano na okestra) la 1809, aliyeandika amri kwamba mpigaji asiweke kadenza yake, ile sehemu anayopiga peke yake okestra ikiwa kimya, bali aendelee moja kwa moja. Masikio yalikuwa yanamwishia na kazi ile hakuipiga mwenyewe mbele ya watu. Nadhani hakutaka mkono wa mwingine pale ambapo wake haungekuwepo. Ila mlango uliofungwa siku ile ulibaki umefungwa kwa muda mrefu mno. Wapiga ogani pekee ndio hawakuukubali. Olivier Messiaen alikaa kwenye ogani ya Sainte-Trinité mjini Paris kuanzia 1931, akibuni katika ibada Jumapili kwa Jumapili, na Messe de la Pentecôte yake ilichotwa humo.

Wazo lile la Potsdam lilirudi katika Offertorium ya Sofia Gubaidulina, tamasha la fidla aliloandika 1980 kwa ajili ya Gidon Kremer. Linapoanza tu, noti za Bach zinapita kutoka ala hadi ala. Kisha kila zinaporudi zinapungua, moja mwanzoni na moja mwishoni, mpaka wazo lenyewe linakaribia kutoweka. Muziki huo umeandikwa wote. Hata hivyo Gubaidulina, tangu 1975, alikuwa akikutana na watunzi wenzake Vyacheslav Artyomov na Viktor Suslin katika kundi la Astreja, wakibuni pamoja kwa ala za kienyeji kutoka pande mbalimbali za Muungano wa Kisovieti. Naamini sikio lililozoea kungoja sauti isiyojulikana ndilo linalosikika kwenye ile fidla.

Lakini ningeambiwa nichague moja tu, ningechukua The People United Will Never Be Defeated! ya Frederic Rzewski, ya 1975. Ni mageuzi 36 ya piano, yaani wimbo mmoja unaorudiwa kila mara kwa sura mpya, juu ya wimbo wa Chile wa Sergio Ortega na kundi la Quilapayún, kazi ya karibu saa nzima, ngumu kupita kiasi, kila kitu kimeandikwa kwa ukali. Halafu, mageuzi yote yakishaisha na kabla wimbo haujarudi, Rzewski anaweka kadenza ya kubuni, kwa anayetaka. Alikuwa anajua anachokiacha: tangu 1966 kule Roma alikuwa mmoja wa Musica Elettronica Viva, kundi lililoishi kwa kubuni.

Wapiga piano wengi huiruka, na hilo linaniudhi, ingawa wana haki. Shule nyingi za muziki huwafundisha miaka kumi na zaidi kutotoa noti isiyoandikwa, kisha wanafika hapo vidole vimechoka na mbele yao ukurasa hauna kitu. Anayejaribu, hata akijikwaa, anatuambia saa nzima ile imemfanya nini. Nimesikiliza rekodi kadhaa kwa ajili ya dakika hizo tu. Wimbo unaporudi baada ya kadenza huwa mzito na wa polepole kuliko nilivyoukumbuka, hata kama mpigaji hakubadilisha mwendo. Bila kadenza hurudi kama ulivyoandikwa tu.