Kisiwa Ndicho Kipange Safari: Maoni Kuhusu Kwenda Aldabra Kutoka Nyanda za Juu Kusini

Ukichukua ramani ya Afrika Mashariki, ukaweka rula Tunduma na kuivuta mashariki moja kwa moja, mstari wako utapita karibu na mji wa Njombe, utafika pwani kusini ya Kilwa, kisha utaingia Bahari ya Hindi na, baada ya mamia ya kilomita za maji matupu, utagusa Aldabra. Kisiwa hicho ni mali ya Shelisheli, lakini kwa umbali ni jirani yetu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka Dar es Salaam hadi huko ni takriban kilomita 800, umbali usiopishana sana na ule wa barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, ilhali kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni zaidi ya kilomita 1,100.

Nayaandika haya kwa sababu kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho wanachama wake wengi ni walimu na wakulima wa chai na parachichi wa Rungwe, kimeanza kuzungumza kwa dhati juu ya kutenga fungu la kwenda Aldabra kwa meli ndogo ya safari za kuangalia viumbe. Mazungumzo yalianza pale ambapo karibu mazungumzo yote ya safari huanzia, yaani kwenye bei, picha za vyumba vya meli na chakula kitakachopikwa. Mimi nimeshika msimamo mwingine, na nitautetea hapa kwa kirefu: safari ya kwenda kisiwa cha namna hii haipangwi kwa kuanzia na meli. Hupangwa kwa kuanzia na kisiwa, kwa maana kisiwa ndicho kinachoamua mwezi wa kwenda, saa ya kushuka, ukubwa wa meli, viatu vya kuvaa, na hata kama utashuka au hutashuka kabisa.

Inafaa kwanza kueleza ni mahali pa namna gani. Aldabra ni mojawapo ya visiwa vikubwa kabisa duniani vya matumbawe yaliyoinuka juu ya bahari, chenye urefu wa kilomita 34 hivi, na umbo lake ni pete ya nchi kavu iliyokatwakatwa na mikondo, ikizunguka ziwa pana la maji ya bahari lenye mikoko kando kando. Hakina kijiji wala hoteli. Kina kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1971 katika sehemu iitwayo Picard, ambako huishi kundi dogo la watumishi wa taasisi ya Seychelles Islands Foundation inayokisimamia kisiwa. Mwaka 1982 kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wenyeji wake halisi ni kobe wakubwa, zaidi ya 100,000, ambao madume yao hufikia uzito wa kilo 250, na ambao ndio mabaki ya jamii za kobe zilizokuwa zimejaa katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi kabla mabaharia hawajaanza kuwapakia melini wakiwa hai kama akiba ya nyama, kwa kuwa kobe huweza kukaa miezi bila kula.

Mdogo wangu aliye Tukuyu aliniuliza swali la haki: kwa nini mtu alipe fedha nyingi kuwafuata kobe hao mbali ilhali wapo katika kisiwa kidogo cha Changuu, mwendo mfupi wa mashua kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar? Ni kweli wapo, na chimbuko lao ni Shelisheli, kwani kobe wa kwanza walitolewa zawadi na gavana wa huko mwaka 1919. Nilimjibu kwamba yeyote asiyeona sababu ya kwenda mbali zaidi aende Changuu, na asijione amekosa kitu. Lakini kobe wa Changuu analetewa majani mkononi. Kobe wa Aldabra ndiye anayeitengeneza ardhi anayoishi: kwa kula kwake kila siku, mwaka baada ya mwaka, nyasi na mimea midogo imekuwa mifupi kama zulia, na baadhi yake imezoea kuficha mbegu zake chini kabisa, mahali ambapo mdomo wa kobe haufiki. Hakuna tembo wala nyati huko. Kazi ambayo katika hifadhi ya Ruaha hufanywa na wanyama wakubwa wa kila aina, Aldabra hufanywa na kobe. Hilo ndilo ninalotaka tulione, na haliwezi kuhamishiwa kwenye uzio.

Sasa nije kwenye mwezi wa kwenda, jambo ambalo kwa watu wa nyanda za juu ni gumu kuliko fedha. Bahari ile hutawaliwa na pepo mbili. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kuzifanya fukwe zilizo wazi kuwa hatari kwa boti ndogo, na kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, ikiwa na joto, mvua na bahari iliyo tulivu zaidi. Katikati yake kuna vipindi vya kupokezana ambavyo watu wa pwani huviita tangambili, na safari nyingi za Aldabra hupangwa kati ya Novemba na Aprili, zikielekea zaidi kwenye vipindi hivyo vya mwanzo na mwisho. Tatizo ni kwamba Novemba hadi Aprili ndio msimu wetu wa mvua. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Mufindi hawezi kuacha shamba mwezi Desemba akaenda kuangalia kobe. Kwa hiyo pendekezo langu kwa kikundi ni mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, wakati palizi imekwisha na mavuno bado, hata kama meli yenye bei nafuu zaidi inaondoka Desemba. Wala mtu asidhani kwamba nje ya kusi bahari haina hatari. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte Desemba 2024, na Hidaya kilifika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo. Nahodha mwenye busara atageuza meli, na abiria mwenye busara atamshukuru.

Baada ya mwezi huja saa, nayo huamuliwa na maji. Ziwa lile la ndani hujaa na kupwa kupitia mikondo michache, na maji yanapotoka hutoka kwa kasi kubwa, yakiacha sehemu pana ikiwa kavu. Boti za mpira huingia na maji yanayojaa, zikipelekwa na mkondo juu ya matumbawe pamoja na papa wadogo, samaki aina ya taa na kasa, kisha lazima zitoke kabla maji hayajazisaliti. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa, na wakati wa maji mafu huwa ndogo, kwa hiyo ratiba ya meli inayosema tu "siku ya tatu, kutembelea Aldabra" haijasema chochote. Ningependa kampuni ituambie hali ya maji itakavyokuwa katika tarehe zake na imepanga kukaa hapo siku ngapi. Ikiwa ni siku moja tu, ushauri wangu ni kuiacha, kwa sababu upepo wa asubuhi moja unaweza kuifuta safari nzima.

Ukubwa wa meli ni suala ambalo sitaki tulegeze. Kushuka kwa zamu kunakula muda, na kisiwa hakivumilii umati. Jua la mchana pale ni kali kiasi kwamba kobe asiyepata kivuli hufa kwa joto ndani ya gamba lake, kwa hiyo huanza kujificha mapema, na binadamu naye anapaswa kutembea alfajiri au jioni. Abiria wakiwa wengi, wale wa zamu ya mwisho watashuka wakati kobe wote wamelala chini ya vichaka. Meli ndogo yenye waongozaji wanaojua ndege na mimea ina thamani kwangu kuliko kubwa yenye bwawa la kuogelea. Kuna ndege mmoja mdogo wa kahawia, wa jamii ya kukuziwa, asiyeweza kuruka, naye ni wa mwisho wa namna yake katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Huja karibu na miguu ya mtu anayetulia. Mtu aliye katika msururu wa watu wengi wanaoitana hatamwona, au atamwona bila kujua alichokiona.

Na viatu. Sehemu kubwa ya Aldabra ni mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji hadi yakawa makali kama wembe, hivyo kandambili hazifai, na raba nyembamba zitachanika. Lakini viatu vyenyewe vinaweza kukiumiza kisiwa kuliko kisiwa kinavyoweza kuviumiza. Sisi tunaotoka mashambani tunaijua vizuri mbegu ya kishonanguo inavyong'ang'ania soksi na pindo za suruali. Mbegu moja kama hiyo, au malkia wa sisimizi ndani ya begi, inaweza kufanya kazi ambayo miaka arobaini ya ulinzi haitaifuta kwa urahisi. Mkonge, ambao kwetu ni zao la heshima, ulipelekwa huko na ukageuka gugu la kung'olewa. Mbuzi waliachwa kisiwani katika karne ya 19, wakashindana na kobe kwa majani na kwa kivuli, na ilichukua miongo ya kazi hadi walipomalizwa mwaka 2012. Ndiyo maana kabla ya kushuka kila mtu husafishwa viatu, mifuko hupinduliwa na mikunjo ya nguo kukaguliwa. Baadhi ya wenzangu wanaliona hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa ndilo kipimo: kampuni isiyotaja ukaguzi huo katika maelekezo yake haistahili fedha zetu.

Watu wa mikoa hii tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hilo. Kipunji, kima wa milimani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, anaishi katika misitu ya Rungwe na Kitulo na katika sehemu moja ya milima ya Udzungwa, basi, hakuna kwingine. Chura wa Kihansi aliishi katika manyunyu ya korongo moja tu la Udzungwa. Maji yalipochepushwa kwenda kuzalisha umeme na ugonjwa wa kuvu ukaingia, mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na aliyerudishwa mwaka 2012 alitoka katika bustani za wanyama za Marekani. Misitu hiyo na korongo hilo ni visiwa pia, ijapokuwa vimezungukwa na mashamba badala ya bahari.

Jingine ambalo nataka kikundi kilijue kabla ya kwenda ni takataka, maana nisingependa mtu yeyote ashtuke akadhani amedanganywa na picha. Mwaka 2019 watu wa kujitolea waliondoa tani 25 za plastiki katika fukwe za Aldabra, na watafiti walikadiria kwamba zilibaki zaidi ya tani 500, nyingi zikiwa nyavu na kamba za uvuvi, pamoja na kandambili zipatazo 360,000. Hakuna anayetupa taka pale. Zinaletwa na mikondo kutoka kila upande wa bahari. Maji ya Usangu yanaingia Ruaha Mkuu, Ruaha inaingia Rufiji, na Rufiji inaingia bahari hiyohiyo. Nadhani mtu wa Mbarali, huko Usangu, akisimama kwenye ufuko ule ana cha kufikiri kuliko mtalii aliyetoka mbali.

Kuhusu gharama nitasema kifupi. Safari hizi hufikia maelfu ya dola kwa mtu mmoja, na sehemu ya fedha hiyo ni ada ya kisiwa, ambayo nailipa kwa moyo mweupe. Ulinzi wa Aldabra kwa miaka mingi umebebwa na viingilio vya bonde la Vallée de Mai katika kisiwa cha Praslin, hukohuko Shelisheli, kwa kuwa watalii wanaofika Aldabra ni wachache, na maharamia wa Kisomali walipotanda baharini uchache huo ulizidi. Baadhi ya safari huanzia au huishia Zanzibar badala ya Mahé, na kwetu hizo ndizo za kutafutwa kwanza, kwa sababu kutoka Songwe mtu anafika Zanzibar bila kupita nchi nyingine.

Ambaye hajawahi kulala kwenye maji ajipime kwanza. Apande meli ya Ziwa Nyasa kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay, kipindi ambacho ziwa lina mawimbi, aone kichefuchefu kinamfanyaje. Mwenye ugonjwa wa moyo au mimba iliyokua azungumze na daktari, na daktari aambiwe ukweli wote: kituo cha Picard si hospitali, na meli inayokwenda kilomita 22 kwa saa itahitaji zaidi ya siku mbili kufika Mahé. Kwa hiyo bima inayogharimia kumhamisha mgonjwa baharini si ya hiari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano na kibali cha kuingia Shelisheli, kinachoombwa kwa mtandao, vishughulikiwe mapema.

Mkutano ujao nitaomba tusijadili vyumba. Nitaomba katibu aandikie kampuni zilizo kwenye orodha yetu akiuliza siku za kukaa Aldabra, hali ya maji katika tarehe hizo, idadi ya abiria wanaoshuka kwa zamu moja, na masharti ya kurudishiwa fedha endapo upepo utazuia kushuka. Malipo ya awali yasitoke kwenye mfuko kabla majibu hayo hayajasomwa mbele ya wanachama wote.