Kompyuta za Shule Zinafungiwa za Nini?

Jumamosi iliyopita binti yangu alimwagia maziwa kompyuta ya maktaba hapa Leeds, Uingereza. Nikaanza kutetemeka, nawaza bei. Mzee mmoja mstaafu, anayejitolea kufundisha watoto kuandika programu, akaja na karatasi za kufutia, akapangusa, akachomoa kibodi, akachomeka nyingine, mtoto akaendelea kumrukisha yule paka wa Scratch, programu ya watoto ya kujifunzia kuandika programu. Hakuna aliyeitwa ofisini. Nina hasira mpaka leo, na hasira yenyewe si ya Leeds, ni ya Dodoma.

Sekondari niliyosoma ilikuwa na chumba cha kompyuta. Nondo madirishani, kufuli mbili, mashine zimevikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebule ya wageni. Somo tulifundishwa darasani: mwalimu anachora kipanya ubaoni, unakinakili, unaandika majina ya sehemu zake. Nilipata alama nzuri sana. Kugusa kwenyewe, mpaka aje mgeni rasmi, na hapo wanachaguliwa wenye sare mpya.

Najua kuna mtu kashaanza kuandika, "Huyu kaondoka juzi tu, keshajifanya mzungu." Tulia, ndugu yangu. Uingereza nao wana yao. Somo la kompyuta liliingia kwenye mtaala wa England mwaka 2014, kuanzia watoto wa miaka 5, na walimu wengi lilipowafikia hawakuwa tayari. Mwaka 2017 Royal Society, jumuiya yao wenyewe ya wanasayansi, ikasema ufundishaji ni wa viraka viraka. Wasichana wanaolichagua wakifika sekondari ni wachache mno. Siwaabudu hawa watu.

Ila kuna jambo moja wamenishinda. Mwaka 2016 BBC na wenzao walianza kugawa micro:bit kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12: kibao cha saketi cha kukaa kiganjani, chenye taa nyekundu 25 ambazo mtoto anaziandikia programu ziwake anavyotaka. Kilikuwa mali ya mtoto. Anakwenda nacho nyumbani, anakidondosha, mdogo wake anakitafuna. Walioamua hivyo walijua vingi vitakufa, wakagawa tu.

Sisi vifaa tunavipata, msiniambie hatuna kabisa. Vishikwambi vya sensa ya 2022 walipewa walimu. Sera mpya ya elimu imezinduliwa hapo hapo Dodoma mwaka 2025, na neno TEHAMA limo tele. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kina ndaki nzima ya mambo haya. Na akili ndiyo usiseme! Nimekua na watoto wanaotengeneza gari la waya lenye usukani unaokata kona. Nendeni Majengo mkaone vijana wanavyofungua simu na kuirudisha ikiwa nzima. Nendeni kwenye harusi mkaone kijana anahariri video ya shughuli nzima kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Waulizeni kama kuna aliyejifunzia kwenye chumba cha kompyuta cha shule.

Mwalimu mkuu simlaumu sana. Vifaa amevitilia saini yeye. Mkaguzi akija anauliza mashine ziko ngapi, haulizi mtoto amekaa mbele yake saa ngapi. Kompyuta ikifia kabatini kwa vumbi, hakuna kesi. Mtoto akiivunja akijifunza, kuna maelezo ya kuandika. Kwa utaratibu huo hata mimi ningefunga, na ningeongeza kufuli ya tatu.

Mwaka juzi tulichanga Watanzania wa huku, tukatuma kompyuta mpakato zilizotumika kwa shule moja ya msingi upande wa Chamwino. Scratch tukaiweka ile isiyohitaji intaneti, menyu zote Kiswahili. Jibu likaja WhatsApp: "Tunashukuru sana, zimefika salama na tumezihifadhi vizuri." Na picha: zimepangwa juu ya kabati, bado ziko kwenye nailoni.

"Madawati hayatoshi, wewe unatuletea kompyuta!" Sawa, mama yangu, lakini hizi zimeshafika, hazikuchukua pesa ya dawati la mtu. "Watoto wenyewe zaidi ya mia darasa moja!" Wakae watatu watatu kwa zamu, Jumamosi, shule ikiwa tupu. Wanafunzi wa UDOM wanaotafuta la kufanya wapo. "Wataangalia uchafu!" Mashine hazina intaneti, jamani. Uchafu uko kwenye simu ya baba, wanaichukua akishalala.

Mwingine atasema njoo ufundishe mwenyewe. Nakuja Desemba, nitafikia kwa mama Nkuhungu, nina wiki nzima ya kufundisha bure na watoto wako likizo. Nimeshamwandikia mwalimu mkuu. Kanijibu kwa heshima zote kwamba nakaribishwa sana, ila ufunguo wa kabati anao mtunza stoo, na mtunza stoo mvua zikianza huwa anakwenda Mpwapwa kulima. Kama kuna anayemfahamu, naomba namba yake inboksi.