Hakuhukumiwa Kuugua

Kila Desemba, vikundi vya kina mama wa kanisa hapa Nairobi huchanga pesa, hununua sodo, sabuni na mafuta ya kujipaka, kisha hufunga safari hadi Gereza la Wanawake la Lang'ata. Nawaheshimu sana kwa hilo, na mchango wangu hutoa. Ila hedhi haingoji Krismasi. Inaniuma kwamba hitaji la kila mwezi la mwanamke aliye mikononi mwa serikali tumezoea kuliachia wahisani.

Serikali yenyewe inajua sodo si anasa. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo, na mwaka 2017 sheria ikaipa serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule bila malipo. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinataka hivyo hivyo kwa wanawake walio gerezani: sodo bure na maji ya kujisafisha yapatikane mara kwa mara. Msichana akiwa darasani tunamkumbuka. Mamake akiwa rumande, mbona tunamsahau? Katiba ya 2010, Kifungu cha 51, inasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo kufungwa kwenyewe kunazizuia. Kifungo hakimzuii mtu kupata matibabu wala pakiti ya sodo.

Lakini mimi naona afya ya mwanamke mfungwa huanza kuharibika kabla hajafika getini, pale mbele ya hakimu.

Mwaka jana niliketi katika mahakama moja ya jijini nikingoja kesi ya jirani itajwe. Kizimbani akapandishwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kosa lake kuchuuza barabarani bila leseni. Gauni lilikuwa limelowa maziwa kifuani. Alijifunika kwa leso, nayo ikalowa. Mtoto alikuwa ameachwa mtaani kwa jirani. Akapigwa faini, na akishindwa kulipa, kifungo. Hakuna aliyemuuliza mtoto yuko wapi. Akateremshwa seli, ikaitwa kesi nyingine.

Sheria yetu inamruhusu mama kukaa gerezani na mtoto wake hadi mtoto afikishe miaka minne. Vizuri. Ila nani atamleta yule mtoto, na kwa nauli ya nani? Titi lililojaa bila kunyonywa huvimba, likauma, homa ikapanda, na lisipotibiwa mapema hufanya jipu. Yaani faini ya mchuuzi inageuka ugonjwa, na mtoto huko nyumbani anakunywa uji mwepesi kabla ya wakati wake.

Hakimu ana njia nyingine. Tangu 1998 tuna sheria ya huduma kwa jamii, inayomwezesha mwenye kosa la kifungo kisichozidi miaka mitatu kufanya kazi ya umma na kulala kwake. Kanuni za Bangkok nazo zinasema mjamzito na mama mwenye watoto wanaomtegemea wapewe adhabu isiyo ya kifungo kila inapowezekana. Swali moja tu kizimbani, "Mama, una mtoto anayenyonya?", lingebadilisha mambo mengi.

Kwa wale ambao lazima wafungwe, kuna jambo ambalo nadhani tunalipuuza. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya, na mwanamke mwenye virusi vya ukimwi yuko katika hatari mara 6 zaidi ya asiye navyo. Kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi hakihitaji mashine. Muuguzi aliyefunzwa huona majibu papo hapo. Wengi wa wanawake hawa, walipokuwa nje, hawakupata hata nusu siku ya kupanga foleni kliniki, maana siku bila kuuza ni siku bila kula. Sasa wako mahali pamoja, majina yao yako kwenye rejista. Kila anayeingia apimwe kama amekubali, na akitoka aondoke na karatasi ya majibu yake.

Na wazee tusiwasahau. Mwanamke anayekoma hedhi huamka usiku amelowa jasho, moyo unamwenda mbio, hapati usingizi. Nyumbani angefungua dirisha au angetoka nje apigwe na upepo. Ndani hana hilo. Kumuongezea maji, shuka jepesi na kumpima shinikizo la damu si gharama ya kuishinda nchi.

Bajeti husomwa Juni, na kabla ya hapo Bunge la Taifa huita wananchi watoe maoni. Kina mama wanaonunua sodo kila Desemba wanajua bei ya katoni kuliko afisa yeyote wa Hazina. Naomba mwaka huu waipeleke hesabu hiyo kwenye vikao hivyo, wadai sodo za magereza ziwe na fungu lake kwa miezi yote 12. Mimi nitakwenda nao.