Moyo Uko Sawa, Kifua Bado Kinauma: Uendelee Kupima au Uache?

Wapo wagonjwa wanaopewa habari njema na daktari, wakatoka chumbani na wasiwasi zaidi kuliko waliokuja nao. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, safi; eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, safi; damu haina dalili kwamba moyo umeumia. Lakini wakipanda ngazi kifua kinabana, usiku pumzi inakuwa fupi, na ndugu wameshaanza kuwaambia waache kujipa mawazo. Hapo watu hugawanyika. Wengine husema maumivu hayaji bure, kwa hiyo apimwe mpaka chanzo kipatikane. Wengine husema mtu huyu ameshapimwa vya kutosha, na kila kipimo cha ziada kinamzidishia hofu tu. Nimezisikia hoja zote mbili kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa, wakiwamo madaktari.

Nianze na wanaotaka utafutaji uendelee, maana hoja yao haipewi uzito inaostahili. Wao huuliza: hivyo vipimo viliangalia nini hasa? ECG ya kawaida hurekodi umeme wa moyo kwa sekunde 10 hivi, mgonjwa akiwa amelala ametulia. Kama mapigo yake huvurugika mara moja kwa wiki, ni bahati tu kuyakuta katika sekunde hizo, na ndiyo maana kuna kifaa cha kuvaa saa 24 au siku kadhaa. Eko huonyesha misuli inavyosukuma damu na vali zinavyofunga, ila haiingii ndani ya mishipa inayolisha moyo wenyewe. Kipimo cha damu cha troponini, protini ya misuli ya moyo, hutafuta dalili kwamba misuli ya moyo imeumia siku za karibuni. Hakisemi lolote kuhusu mshipa ulioanza kuwa mwembamba bila kuumiza misuli bado.

Hata angiogramu, yaani picha ya mishipa ya moyo iliyotiwa dawa ili ionekane, ambayo wengi huichukulia kuwa ndiyo neno la mwisho, huonyesha mishipa mikubwa tu. Ile midogo, yenye upana chini ya nusu milimita, haionekani kwenye picha. Ikishindwa kutanuka mtu anapojitahidi, misuli ya moyo inakosa damu ya kutosha na kifua kinauma kweli. Kuna pia mshipa mkubwa unaojibana ghafla kisha ukaachia, mara nyingi usiku au alfajiri mgonjwa akiwa amepumzika. Daktari Myron Prinzmetal na wenzake waliyaeleza maumivu ya namna hiyo mwaka 1959. Ukimpiga picha mgonjwa huyo mchana, mshipa ukiwa umeshaachia, utamwambia hana kitu.

Wengi wanaopatikana na tatizo la mishipa midogo ni wanawake, na wengi wao waliambiwa kwanza kwamba ni wasiwasi. Hilo linaniuma, kwa sababu utafiti umeonyesha kwamba kujua chanzo kunasaidia. Huko Uskoti, katika utafiti wa CorMicA uliotolewa mwaka 2018, wagonjwa 151 wenye maumivu ya kifua na mishipa mikubwa isiyoziba walipimwa jinsi mishipa yao inavyofanya kazi. Kundi moja lilitibiwa kwa kufuata majibu hayo. La pili lilitibiwa kwa utaratibu wa kawaida, madaktari wao wakiwa hawajaonyeshwa majibu. Baada ya miezi 6, kundi la kwanza lilikuwa na maumivu machache na maisha yenye nafuu zaidi. Tiba yao haikuwa ya ajabu: dawa zinazojulikana, zilizochaguliwa kulingana na tatizo la kila mmoja.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1871 daktari Jacob Mendes Da Costa aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: kifua kinauma, moyo unakwenda mbio, pumzi inakata, na moyo wenyewe hauonyeshi ugonjwa wa kuieleza hali hiyo. Hali hiyo ilionekana tena kwa wingi kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo tunazungumzia hali iliyojulikana kabla ya ECG kuvumbuliwa, na kwa wagonjwa wengi wa leo pia, moyo si chanzo.

Ukimwangalia kwa karibu mtu aliyeshikwa na hali hiyo, utaona anavuta pumzi haraka na juu juu, mabega yakipanda. Hewa ya ukaa inapungua katika damu yake. Vidole na midomo vinaanza kufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinakaza. Anahisi hapati hewa, ilhali oksijeni anayo ya kutosha, basi anavuta zaidi na hali inazidi. Hajifanyi, wala si mdhaifu, bali mwili wake unafanya kile ambacho mwili wowote ungefanya ukipumua hivyo.

Je, kipimo kingine kitamtuliza? Mwaka 2013 watafiti Rolfe na Burton walikusanya majaribio 14 yenye wagonjwa zaidi ya 3,800 ambao uwezekano wao wa kuwa na ugonjwa mkubwa ulikuwa mdogo. Waligundua kwamba kupimwa hakukupunguza sana wasiwasi wala dalili. Na vipimo vina madhara yake. CT, picha za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, hutumia mionzi, na mara nyingine huonyesha kidoa kisicho na maana ambacho nacho kitafuatiliwa kwa miezi. Angiogramu hufanywa kwa mrija unaoingizwa kupitia mshipa wa mkono au paja, na mara chache huleta damu kuvuja au hata kiharusi.

Mimi naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinabishana kuhusu moyo tu. Anayetaka kuendelea huomba eko ya tatu. Anayetaka kuacha husema moyo hauna shida, basi ni mawazo. Katikati hapo yameachwa mapafu, damu, umio, mbavu na tezi ya thairoidi. Upungufu wa damu humfanya mtu ahemee kwenye ngazi, na kipimo kimoja rahisi cha damu huugundua. Pumu inaweza kuja kama kifua kubana bila mluzi wowote. Asidi inayorudi kwenye umio huunguza nyuma ya mfupa wa kifua kiasi cha kufanana na maumivu ya moyo. Kuna pia uvimbe wa gegedu, pale ubavu unapoungana na mfupa wa kifua: daktari akibonyeza kwa kidole kimoja, mgonjwa anashtuka na kusema ndiyo maumivu yenyewe. Ajabu ni wangapi wamepigwa picha za moyo bila kifua chao kuguswa kwa mkono.

Kwa hiyo swali la kupima tena au kuacha hujibiwa na maelezo ya mgonjwa kabla ya mashine. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuisha kwa kupumzika yanarudisha hoja kwenye moyo, na hapo ni haki yake kudai kipimo cha mtiririko wa damu, si ECG nyingine ya kulala. Yanayokuja akilala baada ya kula yanaelekea kwenye umio. Yanayochoma akigeuka au akiguswa mara nyingi ni ya mbavu na misuli.

Na tiba haina sababu ya kusubiri jina la ugonjwa. Mwaka 1994 Cannon na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 60 wenye maumivu ya kifua na angiogramu safi. Imipramini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo ilipunguza vipindi vya maumivu kwa takriban nusu, na nafuu hiyo haikutegemea kama mgonjwa alikuwa na tatizo la akili au hana. Mazoezi ya kupumua taratibu kwa tumbo, kutembea kwa kuongeza kidogo kidogo, na tiba ya mazungumzo navyo vimewasaidia wengi.

Namna ya kusema majibu nayo ina uzito. Katika jaribio la mwaka 2007 la Petrie na wenzake, wagonjwa 92 waliokuwa wakienda kupimwa moyo kwa mazoezi waligawanywa. Walioelezwa kabla ya kipimo maana ya majibu safi, na nini kingine huleta maumivu ya kifua, walitulia zaidi, na mwezi mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Mazungumzo ya dakika chache yalifanya kazi ambayo karatasi ya majibu haikuifanya.

Ningependa kila mgonjwa wa namna hii awe na daktari mmoja anayemfuatilia, apewe tarehe ya kurudi hata kama hakuna kipimo kipya, na wakubaliane wazi ni nini kitafungua faili upya. Majibu safi ya mwezi uliopita hayamlindi mtu leo. Maumivu mapya yanayokandamiza kifua na kwenda mkononi au kwenye taya, jasho baridi, kuzimia, kukosa pumzi akiwa ameketi tu, kukohoa damu, au mguu mmoja kuvimba pamoja na pumzi kukata: hayo ni ya kukimbilia idara ya dharura saa hiyo hiyo, hata kama wiki jana aliambiwa yuko mzima.